TAHARIRI: Mkono wa trekta ukishuka wenyewe, toka shimoni kwanza

Tangu Eldoret itangazwe jiji Agosti 2024, ujenzi ndio gumzo huku Kapseret. Shamba la mahindi linakatwa ploti, hapa msingi, pale mtaro wa maji. Trekta yenye mkono wa kuchimbia nyuma inalisha vijana wengi: mmoja yuko kwenye usukani, mwenzake yumo shimoni na sepetu.

Huyo wa shimoni ndiye tunayemwandikia leo.

Hali ni hii. Dereva anazima injini mwende chai, mkono ukiwa juu. Mkirudi, ndoo imeshalala chini na hakuna aliyeigusa. Watu wanacheka, "mashine imechoka", wanaongeza oili, kazi inaendelea. Hapo ndipo sisi tunasema zii.

Mkono ule unashikiliwa na oili iliyofungiwa ndani ya silinda. Ukishuka wenyewe, oili imepata njia. Ikitoka nje utaiona kwenye mpira au kwenye shina la silinda. Usipoona tone, inapita ndani kwa ndani: vali za kuendeshea zimelika, uchafu umekwama kwenye vali ya presha, au sili za pistoni zimeisha. Kuongeza oili hakuzibi hata moja ya njia hizo. Na fundi anayekimbilia kubadilisha sili kabla ya kupima anaweza kumaliza pesa za mwenye trekta huku kosa liko kwenye vali.

Kweli, hata mashine nzima hushuka kidogo ikilala usiku kucha. Ndiyo maana lazima upime. Oili ikiwa imepata moto, inua mkono, zima injini, weka alama, hesabu dakika 10, kisha linganisha na kitabu cha mtengenezaji. Mtu yeyote asikae chini yake. Ukishuka ukiuona kwa macho, kazi isimame.

Kuna mambo mawili si ya kujadiliwa. Ndoo ishushwe chini kabla ya injini kuzimwa. Na usipapase mpira kwa mkono kutafuta panapovuja, tumia kipande cha katoni. Oili yenye presha hutoboa ngozi. Hata kidonda kikiwa kama tundu la sindano, kimbia hospitali.

Wenye trekta watasema kusimamisha kazi siku moja ni hasara. Tunaelewa, kodi ya mashine haingoji. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na mitambo salama, na ukiripoti hatari kubwa, hapaswi kukurudisha hapo kabla hajairekebisha.

Kwa hivyo kijana, ukiitwa "ingia chap umalizie kona", uliza kwanza: huo mkono umepimwa? Kibarua kingine utapata. Mgongo mwingine hakuna duka linauza.