Visiwa vya Wagaeli: Twaenda Kuona Mawe au Watu?

Wapo vijana wetu wanaosoma ng'ambo, na walimu wanaopelekwa huko kwa mafunzo, ambao wapatapo likizo hutamani kuvizuru visiwa vya mbali vya Uskoti, wakisema wanakwenda kuutazama utamaduni wa Wagaeli. Nia hiyo twaisifu. Lakini ukiikagua mipango yao utaiona imejaa habari za meli, za nyumba za wageni, za ndege wa baharini na za mawe ya kale ya Calanais. Habari za lugha hazimo kabisa. Twasema wazi kwamba safari ya namna hiyo haistahili kuitwa safari ya utamaduni. Ni matembezi. Matembezi si haramu, ila yaitwe kwa jina lake.

Visiwa tunavyovikusudia ni vile vya Hebrides ya Nje, vilivyojipanga magharibi ya Uskoti mfano wa ukingo wa bahari: Lewis na Harris, ambavyo kwa kweli ni kisiwa kimoja chenye majina mawili, kisha North Uist, Benbecula, South Uist, Eriskay na Barra. Lugha ya asili huko ni Kigaeli, nayo si lahaja ya Kiingereza kama wengine wadhanivyo. Ndugu yake ni Kiayalandi. Lakini msafiri akiulizwa angependa kuanzia wapi, aghalabu hujibu: St Kilda, kwa kuwa ndicho kisiwa kilicho mbali kupita vyote. Haya, na tuulize: St Kilda kuna nani? Wenyeji wake 36 wa mwisho waliomba wenyewe kuhamishwa, wakaondoka tarehe 29 Agosti 1930, na nyumba zao zimebaki kuta. Mtu atafutaye utamaduni ulio hai akakimbilia huko kwanza, amepita mlangoni mwa walio hai bila kupiga hodi, akaenda kuzuru makaburi.

Uhodari huu wa kupenda watu baada ya wao kuondoka una historia yake. Mwaka 1851 mwenye ardhi wa South Uist na Barra, John Gordon wa Cluny, aliwasafirisha wapangaji wake kwa mamia hadi Kanada, wengi wao kwa kulazimishwa. Basi msafiri akiona huko kuta za mawe zisizo na paa, asiandike katika daftari lake kwamba mandhari yapendeza. Ardhi ile ilitolewa watu ili ipate nafasi ya kondoo.

Baada ya ardhi ikafuata lugha. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 ilileta shule kwa watoto wote, lakini haikukitaja Kigaeli hata kwa neno moja. Katika baadhi ya shule mtoto aliyeteleza akanena lugha ya mama yake alivishwa kijiti shingoni. Walimu wetu wa makamo hawahitaji kuelezwa maana ya kijiti hicho. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili, alisimulia jinsi watoto wa Kikuyu walivyovishwa bati shingoni kwa kosa lilo hilo katika Kenya ya mkoloni. Mgaeli na Mkikuyu hawakupata kuonana, lakini waliadhibiwa kwa mkono mmoja. Ndiyo maana twaona aibu Mwafrika Mashariki anapokwenda katika visiwa hivyo na masikio yaliyozibwa.

Watatujibu wapinzani wetu: kila Mgaeli leo anajua Kiingereza, kwa hiyo msafiri ajisumbue kwa nini? Jibu hili ndilo kiini cha ubishi wetu. Wagaeli ni watu wa adabu, na ni desturi yao mgeni asiyejua lugha yao akiingia barazani, hata wakiwa kumi, wote kumi hugeuza ulimi na kusema Kiingereza ili asijione mpweke. Mgeni hufurahi, akasifu ukarimu. Hajui kwamba kuingia kwake kumekatiza kile alichokuja kukitafuta. Akija mmoja, hasara ni ya jioni moja tu. Wakija maelfu kila kiangazi, na baadhi yao wakanunua nyumba ili wakae majuma machache kwa mwaka, nyumba ambazo vijana wa kisiwani hawawezi tena kuzilipia, hasara yake hupimwa kwa vizazi.

Tena hesabu zipo. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa wasemao Kigaeli katika Uskoti nzima ni kiasi cha 57,000. Ile ya mwaka 2022 ikaonyesha karibu 70,000. Mtu wa haraka atashangilia. Lakini katika visiwa hivi vya magharibi, katika muda uo huo, wasemaji walishuka kutoka asilimia 52 ya watu hadi 45. Lugha yaongezeka katika madarasa ya mjini, ilhali yapungua jikoni ilikozaliwa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walionya kwamba, hali isipobadilika, Kigaeli kitakoma kuwa lugha ya kawaida ya jamii visiwani humo katika muda wa miaka 10 hivi. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa Kigaeli hadhi rasmi. Twalipongeza, ila sisi tuliotumikia ofisi za serikali twajua kwamba mhuri haumfundishi mtoto kusema.

Wengine watasema: ikiwa yafa, ya nini kujifunza lugha ya mgonjwa? Tuwaulize wao, ni lini tulianza kuwanyamazia wagonjwa? Na wamtazame Margaret Fay Shaw. Mwanamke huyu alikuwa Mmarekani, mwanamuziki, asiye na asili ya visiwa hivyo. Mwaka 1929 alikwenda South Uist, akakaa miaka 6 katika nyumba ya madada wawili wakulima, Peigi na Màiri MacRae. Wahenga wetu wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye hakungoja siku ya tatu impite. Alijifunza lugha katika kazi za nyumba ile, akaziandika nyimbo kwa maneno na kwa noti zake, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1955. Humo zimo nyimbo za kufulia kitambaa, ambazo wanawake waliziimba wakizunguka meza na kukipigapiga kitambaa kibichi cha sufu, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Sisi tunaotunga mashairi twajua thamani ya jambo hilo, kwani mizani ya wimbo ule haikutoka kitabuni, ilitoka mikononi. Msafiri asiyejua lugha husikia kelele za furaha. Hasikii kwamba anayeimbwa pengine ni mtu aliyezama baharini.

Hatumtaki kila mwalimu akae miaka 6. Twataka mpango ubadilishe utaratibu wake. Kwanza lugha, miezi kadhaa kabla, hata kama ni salamu na shukrani tu. Kisha kipitiwe kisiwa cha Skye, kwenye chuo cha Sabhal Mòr Ostaig, kilichoanzishwa mwaka 1973, ambacho hufundisha kwa Kigaeli na hutoa pia kozi fupi. Au ifuatwe shule ya kiangazi ya Ceòlas huko South Uist, ambako tangu mwaka 1996 muziki na ngoma hufundishwa pamoja na lugha. Nyumba ya kulala itafutwe kwa mwenyeji mwenye kuisema lugha. Jumapili ya Lewis, ambayo wageni huilalamikia kwa kuwa maduka mengi hufungwa, iwekwe katikati ya safari, msafiri akaisikilize ibada ya Kigaeli, jinsi kiongozi anavyoutoa mstari wa zaburi na waumini wakaupokea kila mtu kwa sauti yake. Na barazani msafiri aseme mapema, “Tha mi ag ionnsachadh Gàidhlig”, yaani ninajifunza Kigaeli, kisha awaombe waendelee na maneno yao, naye avumilie kutoelewa.

Meli iwe ya mwisho katika mpango. Kutoka Uig, kisiwani Skye, huvuka hadi Lochmaddy kwa muda usiotimia saa 2. Huko wazee wanalo swali la kumwuliza mgeni, “Cò leis thu?”, maana yake, wewe ni wa nani? Hawaulizi kazi wala cheo. Wataka jina la baba, na la babu, na mahali walikotoka, na majibu hayo msafiri ayatayarishe kwa Kigaeli kabla hajakata tikiti.