Dawa ya picha huchoka hata Goma
Anayesafisha picha za nyeusi na nyeupe kwa mkono mjini Goma ana bahati ambayo mafundi wa pwani hawakuipata. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na joto lake la wastani linakaribia nyuzi 20, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye maelekezo ya dawa nyingi za kusafishia karatasi za picha. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alifanya kazi kwenye joto kali zaidi, na joto huharakisha kuharibika kwa dawa. Lakini ubaridi wa Goma hauzuii hewa. Dawa iliyomiminwa kwenye trei hunyonya oksijeni, hugeuka rangi ya chai, na kesho yake haifai hata kama haikugusa karatasi. Tena kila karatasi inayopita huacha bromidi inayopunguza kasi ya dawa. Ilford hukadiria kwamba lita moja ya dawa yake ya Multigrade, iliyochanganywa sehemu 1 kwa 9 za maji, husafisha karatasi 100 zilizopakwa plastiki za inchi 8 kwa 10, au 50 za nyuzinyuzi. Hesabu hiyo iheshimiwe, maana dawa iliyochoka haigomi: picha hutokea, ila kwa kuchelewa, na weusi wa mawe ya volkano ya Nyiragongo hutoka kijivu. Fundi atazame saa. Kivuli kilichojitokeza asubuhi kwa sekunde 10 kikihitaji 20 jioni, achanganye dawa mpya, na ile asili isiyochanganywa na maji aihifadhi kwenye chupa ndogo zilizojaa hadi shingoni.