Kisahani hakina ini

Mama mdogo alinitumia picha ya kopo la unga wa kijivu. "Mwanangu, wewe si ndiyo unasoma mambo haya? Wanasema ni okidi, inaua kansa. Niache dripu?"

Hasira yangu ilianza kwa muuzaji, ikaishia kwetu sisi wa maabara. Maneno "inaua kansa" tumeyatengeneza sisi.

Si uongo mtupu. Katika okidi za Asia za jenasi ya Dendrobium kuna viambata kama gigantoli, moskatilini na erianini. Vimwage kwenye seli za saratani ya mapafu zilizooteshwa kwenye kisahani, uone zinavyokufa. Nimewahi kutazama seli zikifa chini ya hadubini, na raha yake naijua. Lakini kwenye kisahani hichohicho hata spiriti inaua! Kisahani hakina ini la kuivunjavunja dawa, hakina figo, hakina mtu anayetapika usiku. Dozi inayoua seli ya saratani itaziacha hai seli nzima? Kazi ndiyo kwanza inaanza hapo, na hapohapo sisi tunaandika "tiba tarajiwa", tunafunga tasnifu, tunaenda kukodi majoho.

Dripu anayotaka kuiacha ina paclitaxel, na paclitaxel nayo ni dawa ya mmea. Gome la mti wa Taxus brevifolia lilikusanywa Marekani mwaka 1962; dawa ikaidhinishwa 1992. Miaka 30 ya kupima sumu, dozi na wagonjwa halisi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba napinga mitishamba. Mama mdogo anatibiwa kwa mti tangu alipoanza dripu.

Kopo halikutaja ni okidi gani. Dendrobium haioti porini Afrika. Zinazoota kwetu, Nyanda za Juu Kusini, zina viazi ardhini, na kwa miaka mingi vimechimbwa na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda. Ukichimba kiazi umeondoka na mmea. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ila jembe halisomi mabango. Sasa tuongeze na soko la wagonjwa?

Nilimpigia. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwambia asiache dripu, na kopo amwonyeshe daktari wake kabla hajaonja hata kijiko.

Akanyamaza kidogo. "Lakini mwanangu, elfu themanini nimeshalipa."