Rweya Si Ardhi Tupu

Bibi yangu wa Isingiro hajawahi kuiita rweya pori. Kwake ni mahali pa nyasi: za kuezekea, za kutandaza chini ya migomba ili udongo usikauke, na zile laini za kutandika sebuleni wageni wakija. Ng'ombe wa majirani huchungwa humohumo. Uzio hakuna, nyumba hakuna, na mwenye hati hayupo. Anayepita na gari la vioo vyeusi haoni kitu. Huyo ndiye ninayegombana naye leo.

Darasani tulisoma kesi ya Eddie Mabo. Waingereza walipotia nanga Australia mwaka 1788 waliihesabu nchi kuwa haina mwenyewe, ilhali Waaborijini walikuwa wameishi humo makumi ya maelfu ya miaka. Uongo huo ulidumu mahakamani hadi tarehe 3 Juni 1992. Mabo mwenyewe, mtu wa kisiwa cha Mer, hakuisikia hukumu. Alifariki Januari mwaka huohuo. Wenzangu wa uzamili walitikisa vichwa. "Wazungu bwana," akasema mmoja.

Wazungu bwana? Haya, tufungue Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, tuliyoitunga wenyewe miaka saba baada ya hukumu ile. Inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, haina maneno hayo. Sasa nani anaamua kwamba rweya haitumiwi? Mwenye gari, au mwenye mundu?

Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalijua swali hili kuliko mimi. Wanawinda, wanarina asali, wanachimba mizizi. Hawaachi matuta nyuma yao, kwa hiyo wenye majembe wakaona pako wazi. Lakini mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, kwa jina la jamii nzima, bila kulima hata mraba mmoja. Kumbe inawezekana.

Najua jibu linalopendwa: Tanzania sote ni wenyeji, hakuna wa asili kumzidi mwenzake. Sikatai. Ila hoja hiyo hutolewa pale tu mtu anapodai, haitolewi pale anapoondolewa. Kama sote ni wenyeji, basi mwenyeji aulizwe kabla ardhi yake haijaitwa tupu.

Likizo hii nataka mkutano wa kijiji uiandike rweya yetu kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kwa jina lake na kwa kazi zake. Nilimsomea bibi rasimu kwa simu: malisho, nyasi za kuezekea, nyasi za migomba. Akanikatiza.

"Na njugu mawe, mjukuu wangu? Mbona hujaziandika?"