Kambare mdogo si mfagizi wa tangi lako

MGONJWA mmoja alinijia kliniki akiwa na kinundu chekundu juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na vingine viwili vikipanda kuelekea kwenye kiwiko, vimefuatana kama shanga zilizotungwa. Alikuwa amekaa navyo kwa miezi mitatu. Alikwisha kumeza antibiotiki za aina mbili kutoka duka la dawa na kupaka marhamu, na jirani yake alimshauri angoje tu, kwamba hilo ni jipu lililokataa kuiva. Katika muda huo wote hakuna aliyemuuliza swali moja rahisi: Mama, nyumbani mnafuga samaki?

Walikuwa wakifuga. Tangi la kioo lilikuwa sebuleni karibu na runinga, na kila Jumamosi yeye ndiye aliyetia mkono ndani kusugua mawe. Alinieleza kwa mshangao kwamba muuzaji alimuuzia pia kambare wanne wadogo, akimhakikishia kuwa hao ndio watakaomfanyia usafi.

Msomaji, ahadi hiyo hutolewa kila siku katika maduka ya samaki wa mapambo, na mimi naipinga. Naipinga nikiwa daktari, na pia nikiwa mtu aliye na tangi kama hilo katika chumba cha kungojea wagonjwa.

Kwanza tuelewane ni samaki gani ninayemtaja. Sisemi juu ya yule kambare wetu mkubwa, mumi, tunayemla kwa ugali. Huyo ukimtia pamoja na samaki wadogo, baada ya muda utabaki naye peke yake, tena akiwa amenenepa. Ninaowazungumzia ni koridorasi, kambare wa Amerika Kusini ambao aghalabu hawazidi sentimita saba. Hukaa chini kabisa, hupekua mchanga kwa sharubu zao, na hawana ugomvi na mtu. Mmoja wao, yule wa madoadoa aitwaye Corydoras paleatus, alielezwa na wanasayansi mwaka 1842 kutokana na samaki waliokusanywa na Charles Darwin katika safari yake. Huyo huvumilia maji ya baridi kidogo, na kwa hiyo humfaa mkazi wa Nairobi kuliko wengi wa jamaa zake.

Ni kweli kwamba huokota mabaki ya chakula yaliyoanguka chini. Lakini kuokota makombo si kufanya usafi. Kambare naye anakula na kwenda haja, na hana choo kingine isipokuwa maji hayo hayo anayoyapumua. Ukiongeza kambare, umeongeza uchafu.

Hapa ndipo ningependa unisikilize kwa makini. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya chujio na mchangani huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali mkubwa. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kuenea katika tangi jipya. Anayenunua tangi na samaki siku moja huwatia viumbe hao katika sumu kabla tiba yake haijawa tayari. Nitriti huingia katika damu na kuiharibu hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, na damu hugeuka rangi ya kahawia. Madaktari tunaujua ugonjwa huo kwa watoto wachanga. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa, Marekani, alieleza jinsi watoto waliokorogewa maziwa kwa maji ya visima yenye nitreti nyingi walivyogeuka rangi ya buluu. Samaki wako anayehema na mtoto yule wana shida moja.

Koridorasi, hata hivyo, humdanganya mwenyewe. Wana uwezo wa kupanda juu, kugugumia hewa, na kuinyonya oksijeni yake kwa utumbo. Akipanda mara moja moja, huyo ni mzima. Wakipanda wote kila mara, mmoja baada ya mwingine, maji yamekwisha kuharibika hata kama yanang'aa kama ya chupa. Macho hayawezi kupima amonia. Nunua vile vipimo vya matone. Ni bora kuliko kununua jumba la plastiki la kupamba tangi.

Nami nina kosa la kuungama. Mwaka wa kwanza nilifanya nilivyofundishwa chuoni, kwamba kisafi ni kile kilichochemshwa. Nikaondoa maji yote, nikausugua mchanga, nikaliosha chujio kwa maji ya mfereji yenye klorini mpaka likawa jeupe. Bakteria wote wazuri wakafa, na baada ya siku chache wakafa kambare sita. Mhudumu wangu wa mapokezi, ambaye hakusomea udaktari, ndiye aliyeniuliza kwa nini nilifua kitu ambacho hakikuwa nguo.

Siku hizi nabadilisha robo ya maji kila wiki. Maji mapya hukaa ndani ya ndoo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke, au hutiwa dawa ya kuiondoa. Chujio nalisuuza katika maji ya zamani ya tangi. Chini nimeweka mchanga laini, maana kokoto zenye ncha na uchafu uliojificha katikati yake huzila sharubu za kambare mpaka zikabaki vigutu, na kambare asiye na sharubu ni kama kipofu aliyenyang'anywa fimbo. Huwalisha tembe zinazozama, jioni, badala ya kungoja waokote makombo ya wengine. Nao hukaa kwa kundi, sita au zaidi. Wawili peke yao hujificha siku nzima.

Sasa turudi kwenye mkono wa mama yule. Katika matangi huishi kijidudu kiitwacho Mycobacterium marinum, binamu wa kijidudu cha kifua kikuu. Kilitambuliwa mwaka 1926 katika samaki waliokufa huko Philadelphia. Hupendelea joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hushambulia vidole na mikono, ambayo ni baridi kuliko sehemu za ndani za mwili. Huingia kupitia mchubuko mdogo, na kinundu hutokea baada ya majuma kadhaa, wakati umekwisha kusahau ulijikwaruza lini. Hakiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Lakini amoksilini hakiisikii, na matibabu huchukua miezi.

Basi usitie mkono wenye kidonda ndani ya tangi. Vaa glavu ndefu, na baadaye nawa kwa sabuni. Chomoa nyaya za umeme kwanza. Usinyonye mpira wa maji kwa mdomo kama utingo anayehamisha petroli, wala usimwage maji hayo kwenye karo la jikoni. Mwenye kinga dhaifu ya mwili amwachie mwingine kazi hiyo. Kambare naye ana miiba migumu mapezini. Mkamate kwa kikombe, si kwa kiganja. Akikuchoma, loweka mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Usidhani nakukataza kufuga. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliandika kwamba kutazama samaki katika tangi huteremsha shinikizo la damu, na mimi huona wagonjwa wangu wakinyamaza kugombania foleni mara tu kambare wanapoanza kufukua mchanga. Vidonge vyako vya presha, hata hivyo, usiviache.

Tulikata kipande kidogo cha ngozi ya mama yule kikapelekwa maabara, akatumia dawa mbili kwa miezi mitano, na vinundu vikakauka vikaacha makovu madogo. Nilipomuuliza kama amelitupa tangi alinicheka. Ameongeza kambare wawili, ametoa kokoto akaweka mchanga, na glavu zake zinaning'inia kwenye msumari kando ya tangi.