Kusomea Shughuli Si Kusomea Mapambo

Wadau, hivi karibuni nilikuwa Morogoro, nyumbani kwa mjomba pale Kihonda. Binti yake amemaliza kidato cha sita na anataka kwenda chuo kikuu kusomea usimamizi wa matukio. Mjomba akanigeukia: "Mjomba, wewe ndiye umesoma. Hivi kweli niuze kabichi zote za Mgeta nimlipie huyu ada akasomee kupamba ukumbi?"

Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Binti peke yake hakucheka. Akainuka, akaenda kuosha vyombo. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama nilikuwa na haki ya kucheka.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Sisi waandishi, mhariri akikwambia "kafuatilie matukio" anakutuma polisi, hospitalini, au barabarani kwenye ajali. Mtaani harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali na tamasha huitwa shughuli. Tatizo ni kwamba shughuli ikisimamiwa ovyo inahama ukurasa. Inatoka kwenye burudani na kuingia kwenye matukio.

Mnakumbuka Tabora? Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walikufa kwenye disko toto, ukumbi umejaa kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwenye ibada ya uwanjani, wakisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli. Disko, ibada na msiba wa taifa, shughuli tatu zisizofanana hata kidogo, lakini kisa ni kimoja: umati mkubwa kuliko nafasi na njia zilizokuwepo. Wala hakuna aliyekufa kwa sababu mapambo yalikuwa mabaya.

Sasa niambieni, kujua ukumbi fulani unabeba watu wangapi, milango mingapi iwe wazi, gari la wagonjwa likae wapi, nani ana mamlaka ya kusema "inatosha, fungeni geti", hiyo nayo ni fani ya kuchekwa? Waingereza hawakucheka. Pale Leeds walianzisha shahada ya fani hii mwaka 1996.

Najua mtakachosema: mbona kamati zetu za harusi zinafanya kazi bila shahada? Ni kweli, na mimi nazivulia kofia. Kamati ya harusi ya Kitanzania inakusanya mamilioni kwa kadi, simu na aibu tu. Ina mwenyekiti, ina mweka hazina, na ina mama mmoja mkali ambaye akikagua masufuria mpishi anatetemeka. Huko milimani Uluguru, ambako ukoo ni wa mama, wazee walikuwa wakiendesha shughuli za mwali kila mtu akijua nafasi yake, kuanzia mjomba mpaka mpiga ngoma, na hakuna aliyeandika ratiba.

Lakini kamati zetu za mjini zina ugonjwa mmoja. Harusi ikiisha, tunavunja kamati. Tunakula, tunakunywa, tunapongezana, basi. Yote tuliyojifunza kwa gharama yanavunjwa pamoja nayo: mwenye jenereta aliyetuangusha, bajeti ilipovuja, mlango wa nyuma uliozibwa na spika. Hili la mlango nimeliona kwa macho yangu, kwenye ukumbi wenye watu kama mia nne, umeme ukakatika. Mungu alitusaidia, ukarudi. Mwezi uliofuata kamati nyingine ilianza upya kutoka sifuri, na mlango ule ule ukazibwa tena.

Kazi ya chuo kikuu ni hiyo hasa, kutunza kile ambacho kamati inakisahau. Na Morogoro pangefaa sana kwa kazi hiyo. Mzumbe, njia ya Iringa, wanafundisha uhasibu, sheria na ununuzi. SUA wana shahada ya utalii. Kila Agosti Nane Nane inajaza viwanja vya Mwalimu Nyerere kwa watu wa Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam. Uwanja wa Jamhuri upo. Kwa mafunzo ya vitendo, mwanafunzi anahitaji nini zaidi?

Na fedha pia ni somo. Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza 2004 na kuleta wageni kutoka pande zote za dunia, lilishindwa kufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Wanamuziki walikuwepo, mashabiki walikuwepo. Kumbe kuandaa shughuli ni pamoja na kumtafuta atakayeilipia, mwaka huu na mwaka ujao.

Ila sitaki tudanganyane. Kama shahada yenyewe itakuwa miaka mitatu ya kukariri makaratasi ya Kiingereza, mwanafunzi asihesabu hata kiti kimoja, basi mjomba ana haki ya kubaki na kabichi zake. Mwanafunzi aingie kwenye kamati za mtaani, asimame getini Nane Nane, afunge hesabu za harusi ya kweli mbele ya mweka hazina mkali. Na yule mama wa masufuria aitwe darasani afundishe, tena alipwe.

Mjomba nilimpigia simu jana, nikamsimulia habari ya Tabora. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo huyu atakuwa anahesabu milango?" Nikamwambia ndiyo, mjomba, pamoja na mengine.

Akasema ataangalia bei ya kabichi msimu huu.