Mawakili wa Denmark na Mwani Wetu

Huenda msomaji wetu wa Unguja, wa Pemba, au wa huku Dunda, Bagamoyo, akashangaa kuona safu hii leo ikizungumzia mawakili wa Denmark. Nchi hiyo iko mbali, na watu wake wote ni kama milioni sita tu. Lakini mwani unaoanikwa Paje na Jambiani, na huku bara katika kijiji cha Mlingotini, kwa miaka mingi umekuwa ukifungwa magunia kwa magunia kwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo, na Denmark ni mojawapo ya nchi zilizoupokea. Huko Lille Skensved, kusini-magharibi ya mji wa Copenhagen, kuna kiwanda kinachotumia mwani kutengeneza unga uitwao karajinani, ambao hutumika kugandisha vyakula vya maziwa na kushikamanisha dawa ya meno. Kwa hiyo Denmark si ngeni kwetu. Tumefanya nayo biashara, ila sisi tumeijua biashara hiyo upande mmoja tu.

Mkulima wa mwani huuza kwa kilo. Mzani ukisha kusema, biashara yake imekwisha. Lakini bidhaa inayotoka mlango wa pili wa kiwanda haiuzwi kwa uzito peke yake. Huuzwa kwa jina lake, kwa siri ya utengenezaji wake, na kwa ujuzi ulioandikishwa serikalini. Mali ya namna hii wataalamu wanaiita miliki bunifu. Hataza hulinda uvumbuzi. Alama ya biashara hulinda jina la bidhaa. Hakimiliki hulinda kazi ya mwandishi, mchoraji na mwanamuziki. Na kiashiria cha kijiografia hulinda jina la mahali palipoipa bidhaa sifa yake. Ni mali isiyoshikika kwa mkono, lakini yaweza kuuzwa, kukodishwa, kurithiwa na, kwa bahati mbaya, kuibwa.

Wadenmark wanaijua mali hiyo, na wameiwekea walinzi. Mjini Copenhagen ziko ofisi za mawakili kama Plesner, Kromann Reumert, Gorrissen Federspiel na Bech-Bruun, ambazo vitabu vya London vinavyopanga mawakili wa dunia huzitaja miongoni mwa zilizo mbele katika sheria hii. Pamoja nazo wako mawakala wa hataza, kama wale wa Zacco na Plougmann Vingtoft. Wengi wa mawakala wa namna hiyo kwa elimu yao ni wakemia, wahandisi na wanabiolojia, waliojifunza kuueleza uvumbuzi kwa lugha ya sheria. Mashauri hupelekwa katika Mahakama ya Bahari na Biashara, iliyoanza kazi mwaka 1862, ambamo majaji huweza kuketi pamoja na wajuzi wa fani inayobishaniwa. Ndiyo kusema kwamba mvumbuzi wa Denmark akidhulumiwa, anaye wakili anayeielewa kazi yake, na anayo mahakama inayoweza kumsikiliza kwa ujuzi.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba wenye mawakili hodari hushinda siku zote. Historia ya jibini iitwayo feta yatufundisha vingine. Jibini hiyo ni ya Wagiriki, hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo na mbuzi. Viwanda vya Denmark navyo vilikuwa vikitengeneza jibini nyeupe kwa maziwa ya ng'ombe na kuiuza kwa jina hilo hilo. Jumuiya ya Ulaya iliandikisha jina la feta kuwa la Ugiriki mwaka 1996. Denmark ikaenda mahakamani na mwaka 1999 ikashinda, uandikishaji ukafutwa. Wagiriki hawakukata tamaa. Jina likaandikishwa tena mwaka 2002, na safari hii, mwaka 2005, Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba feta ni ya Ugiriki. Viwanda vya Denmark vikaacha kulitumia jina hilo ndani ya Ulaya, lakini vikaendelea kulitumia kwa jibini iliyopelekwa nje. Shauri likarudi, na tarehe 14 Julai 2022 mahakama ile ile ikasema kwamba Denmark ilivunja sheria kwa kutozuia jambo hilo.

Tutafakari maana yake. Nchi yenye mawakili mahiri ilishindwa na wachunga kondoo wa Ugiriki. Wachunga kondoo hao walishinda kwa sababu jina lao lilikuwa limeandikwa katika daftari linalotambulika, na kwa sababu walikuwa na serikali iliyosimama nyuma yao kwa zaidi ya miaka 20 bila kuchoka. Wahenga wetu walilisema jambo hili kabla ya mahakama yoyote ya Ulaya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi wa pwani tumekwisha kuonja hatari hiyo. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha huko kwao neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Kikoi, vazi ambalo mwanamume wa pwani hulifunga tangu ujana wake hadi uzee, lilikuwa karibu kuwa mali ya mtu mmoja katika soko la Uingereza. Wakenya walipinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft na mawakili waliojitolea bila malipo, na jaribio hilo halikufaulu. Tunawashukuru wote waliosimama. Lakini taifa haliwezi kuiweka mali yake chini ya ulinzi wa hisani. Siku mawakili wa hisani watakapokuwa na shughuli nyingine, nani atapinga?

Hapa ndipo tunapofika nyumbani. Haki hizi si miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Katiba ya mwaka 1977. Tanzania Bara inayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 na Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na daftari lake linashikwa na BRELA, Dar es Salaam. Zanzibar inayo Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008, na daftari lake linashikwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, yaani BPRA. Huku bara alama hulindwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kumi. Zanzibar hulindwa miaka 10 tangu mwanzo. Sheria ya Zanzibar inavitambua viashiria vya kijiografia waziwazi. Ile ya bara ya mwaka 1986 haikuviwekea sehemu yake. Hakimiliki nayo ina sheria mbili: ya bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003.

Matokeo yake ni kwamba alama iliyoandikishwa Dar es Salaam haina nguvu Unguja, na iliyoandikishwa Unguja haina nguvu Bagamoyo. Jahazi likiwa na upepo mwema huvuka mkondo baina ya pwani hizi mbili kwa saa chache. Bidhaa zinavuka, wafanyabiashara wanavuka, ndugu wanavuka kwenda harusini na mazikoni. Haki peke yake ndiyo inayobaki ufukweni.

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama wa Paje kinatengeneza sabuni ya mwani na kuipa jina zuri. Kimefanya kila linalotakiwa na kuandikisha jina hilo BPRA. Sabuni ikisha kupata sifa, mfanyabiashara mwingine anaweza kwenda Dar es Salaam kuliomba jina lile lile. Akina mama hao watalazimika kumpinga mbele ya msajili wa bara, kwa sheria nyingine, ada nyingine na wakili mwingine, maana mawakili nao wamegawanyika: wa bara wako chini ya Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954, na wa visiwani wanacho chama chao. Mfano huo huo waweza kugeuzwa ukamhusu mchonga milango wa Bagamoyo ambaye kazi yake inaigwa ng'ambo ya mkondo. Mwenye mtaji mkubwa ataweka wakili kila upande wala hatasikia uzito. Kampuni za nje zenye alama mashuhuri hufanya hivyo siku zote, na mawakili wetu hodari wa fani hii kwa kawaida ndio wanaozitumikia. Hilo si kosa la mawakili. Kila mtu hula kwa kazi yake. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya wote, ikawa inatumiwa na wageni na matajiri peke yao, imepungukiwa na kitu.

Wapo watakaosema kwamba hapana haja ya haraka, kwa kuwa nchi zenye maendeleo duni, ikiwamo Tanzania, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na masharti mengi ya mkataba wa miliki bunifu. Ni kweli, na nafuu hiyo ina faida yake, hasa katika mambo ya dawa. Lakini nafuu hiyo ni ya serikali katika kutunga sheria. Haimzuii mtu yeyote kule Ulaya au Asia kuandikisha leo jina ambalo sisi tumelala nalo.

Wapo pia watakaohofu kwamba kuyakaribisha madaftari mawili ni kuinyang'anya Zanzibar mamlaka yake. Hatupendekezi hivyo hata kidogo. Zanzibar ibaki na sheria yake, ambayo kwa viashiria vya kijiografia imeitangulia bara. Tunachosema ni kwamba ofisi mbili zinaweza kushirikiana bila mojawapo kuimeza nyingine. Shirika la ARIPO lililoko Harare, kwa Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, linapokea ombi moja la alama ya biashara na kulipeleka katika nchi kadhaa za Afrika, na kila nchi inabaki na msajili wake. Mahakama ya Rufani nayo inasikiliza rufaa za pande zote mbili za Muungano, wala Mahakama Kuu ya Zanzibar haikutoweka. Linalowezekana baina ya mataifa linashindikanaje baina ya Forodhani na Dunda?

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wa Serikali zetu zote mbili. Kwanza, BRELA na BPRA zikubaliane kwamba mwananchi anayewasilisha ombi katika ofisi moja aweze, kwa karatasi hiyo hiyo na ada nafuu, kuliomba pia upande wa pili, na tarehe ya ombi lake ihesabiwe kuwa moja. Pili, majina ya mali zetu kubwa, na la kwanza kabisa karafuu za Zanzibar, yaandikishwe na kulindwa katika kila soko tunakouza, kwa fedha ya umma na kwa mawakili wa umma. Maana kila soko ambalo jina hilo halijaandikishwa ni mlango ulioachwa wazi. Tatu, msaada wa kisheria, ambao bara iliutungia sheria mwaka 2017 na Zanzibar mwaka 2018, uwafikie pia wakulima wa mwani, wachongaji, washonaji na wanamuziki, pasiwe na dhana kwamba mnyonge ana mashauri ya ardhi na mirathi tu.

Tena vyuo vikuu vyetu vifungue mlango kwa wakemia na wahandisi wanaotaka kuwa mawakala wa hataza. Marehemu na wazee wa sayansi yetu walianza utafiti wa mwani wa pwani hii tangu miaka ya 1970, na kilimo cha biashara kikashika mizizi Zanzibar tangu 1989. Ujuzi tunao. Kinachopungua ni mtu wa kuuandika ujuzi huo kwa namna ambayo msajili ataukubali na hakimu atauheshimu. Na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ingefaa kumhakikishia kila mwanafunzi anayehitimu kwamba, pamoja na kupiga ngoma na kuchonga, anajua kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi.

Hatumwonei kijicho Mdenmark kwa mawakili wake. Aliwasomesha, akawalipa, na akawajengea mahakama. Ukiona vyaelea vimeundwa. Nasi tuunde chetu, mapema, kabla magunia ya mwani, karafuu na kazi za mikono yetu hayajaondoka tena bandarini yakiwa na uzito bila jina.